Bunduki Mkononi, Giza Kibanjani

Kila anayeongoza mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika hufika mahali akataka vitu viwili kwa mpigo. Anataka wachezaji wake waruke kutoka kwenye mtumbwi unaozama huku risasi zikiwapita masikioni, na usiku huohuo anataka mmoja wao asite kufungua mlango wa chumba kisicho na mtu. Ushauri uliozoeleka ni kwamba vitu hivyo vinapingana, kwa hiyo avigawe nusu kwa nusu: saa moja ya mapigano, saa moja ya kutisha, na silaha zipunguzwe kidogo ili hofu nayo ipate nafasi. Akiufuata, anaambulia mchezo usio na ladha ya upande wowote. Mapigano yanachechemea kwa sababu bunduki ina risasi tatu tu, na hofu haiji kwa sababu kila aliyekaa mezani ameshajua kwamba risasi tatu hizo ndizo dawa. Kilichobaki ni kusubiri wakati wa kuzitumia.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe, maelezo ni mafupi. Watu wanne au watano hukaa pamoja. Mmoja ni msimulizi, na kila mwingine ana mhusika wake ambaye sifa zake zimeandikwa kwenye karatasi. Msimulizi anaeleza hali ilivyo, mchezaji anasema mhusika wake anafanya nini, na pale matokeo yanapokuwa na shaka dadu huamua. Mchezo wa kwanza wa aina hii kuuzwa, Dungeons & Dragons wa Gary Gygax na Dave Arneson, ulitoka Marekani mwaka 1974, na tangu hapo umezaa mamia ya mingine. Vifaa ni vichache, na ufundi unaohitajika, yaani kusimulia na kujibiwa papo hapo, si mgeni kokote Afrika Mashariki. Makala haya yanamlenga msomaji anayetaka kuutumia ufundi huo kwa kisa chenye mikikimikiki na hofu pamoja, nayo yatasimama Bukoba na Muleba, mkoani Kagera, kwa sababu nchi hiyo, kwa historia na hata kwa sura yake, inafundisha jambo hili vizuri kuliko vitabu vingi vya kanuni.

Hoja yenyewe ni hii. Wasimulizi wengi huchanganya uwezo na uhakika. Uwezo ni kile mhusika anachoweza kufanya: kulenga shabaha, kupiga kasia, kudanganya mlinzi, kuwa na fedha na marafiki. Uhakika ni kujua unapambana na nini, kinataka nini, na kwamba ukikishinda kimekwisha. Mikikimikiki hukua uwezo unapokuwa mwingi. Hofu hukua uhakika unapopungua. Kwa kuwa ni mambo mawili, huhitaji kupunguza la kwanza ili upate la pili. Mpe mhusika bunduki, mpe risasi za kutosha, mpe shabaha, kisha umwache bila kujua kama aliyempiga ndiye aliyestahili kupigwa.

Anayedhani aina hizi mbili za hadithi ni maadui wa asili atazame zilikozaliwa. Jarida la Marekani lililoitwa Weird Tales, lililoanza mwaka 1923, lilichapisha hadithi za kutisha za H. P. Lovecraft, na kuanzia mwaka 1932 likachapisha visa vya Conan, shujaa wa panga na misuli aliyetungwa na Robert E. Howard. Waandishi hao wawili walikuwa marafiki wa barua. Wasomaji walewale walinunua toleo moja wakasoma yote mawili, na Conan mwenyewe, pamoja na nguvu zake zote, huingia kwenye magofu ambamo upanga unakata lakini hauelezi kitu. Anashinda, halafu anaondoka haraka.

Fasihi yetu inaonyesha jambo hilohilo kutoka upande wa pili. Jasusi Willy Gamba wa Elvis Musiba, kuanzia riwaya ya Kufa na Kupona ya mwaka 1974, ana uwezo na uhakika pia: anajua adui ni nani, anajua anaitumikia nchi gani, na hata anapopigwa nusu ya kufa msomaji haogopi, anahesabu kurasa zilizobaki kabla hajalipiza. Raha ipo, tena kubwa, ila si ya kutisha. Mpelelezi Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla ni kinyume chake. Mzimu wa Watu wa Kale, iliyoshinda shindano la uandishi la mwaka 1957 na 1958 na kuchapishwa mwaka 1960, inaanza na mauaji yaliyofungamana na mahali ambapo watu wanapaogopa, na kwa muda nywele zinasimama. Kisha Bwana Msa anawasha kiko chake, anapanga hoja zake, na hofu inaondoka ukurasa kwa ukurasa kadiri maelezo yanavyokamilika. Hakurusha hata ngumi. Kilichoiua hofu si nguvu, ni jibu kamili. Msimulizi wa mezani akilielewa hilo ameshaelewa sehemu kubwa ya kazi yake.

Watunzi wa kanuni nao wameligundua kwa njia yao. Call of Cthulhu, mchezo wa Sandy Petersen uliotolewa na kampuni ya Chaosium mwaka 1981, uliwapa wahusika pointi za akili timamu zinazopungua kila wanapoona wasichoweza kukielewa, mbali na pointi za uhai. Mwaka 2016 kampuni hiyohiyo ilitoa Pulp Cthulhu kwa ajili ya wanaopenda mikikimikiki. Humo mashujaa wana pointi za uhai mara mbili ya kawaida, wana vipaji maalumu, na wanaweza kutumia bahati yao kujiokoa. Hata hivyo pointi za akili timamu hazikuondolewa. Mwili umeongezwa ugumu, akili imebaki ya binadamu.

Mfano mzuri zaidi ni Dread, mchezo wa mwaka 2005 ambao hauna dadu kabisa. Katikati ya meza unasimamishwa mnara wa Jenga, ule mchezo wa vipande 54 vya mbao alioutoa Leslie Scott jijini London mwaka 1983, mwanamke aliyezaliwa Tanganyika na kukulia Afrika. Kila mhusika anapotaka kufanya jambo gumu, mchezaji huchomoa kipande na kukiweka juu. Mnara ukianguka mikononi mwake, mhusika wake ametoka. Lakini kanuni inaongeza jambo: mchezaji anaweza kuuangusha mnara kwa makusudi, na akifanya hivyo mhusika wake anafanikiwa kishujaa kabisa, kisha anakufa. Ushujaa na hofu vinatoka kwenye mbao zilezile. Hakuna aliyegawa nusu kwa nusu.

Sasa tuje Bukoba. Kisa cha mikikimikiki hakihitaji kutungwa, kipo. Mwezi Juni 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walivuka ziwa kwa meli kutoka Kisumu ili kuuharibu mtambo wa simu ya upepo wa Wajerumani uliokuwa Bukoba. Walishuka pwani kaskazini ya mji, wakapanda miteremko mikali, na wakapigana tarehe 22 na 23. Miongoni mwao kilikuwamo kikosi cha 25 cha Royal Fusiliers, mkusanyiko wa wawindaji na wazururaji wa kila namna, akiwamo Frederick Selous mwenye umri wa miaka 63, yuleyule ambaye jina lake lilikuja kupewa pori la akiba la kusini mwa Tanzania. Mtambo ulilipuliwa, mji ukaporwa, meli zikaondoka. Mwandishi wa riwaya za vituko angelipa fedha apate kisa kama hicho: siku mbili, mji mdogo, ziwa nyuma, vilima mbele, na mnara mmoja ambao kila mtu anautaka.

Lakini angalia kishawishi kilichopo. Kisa hicho kikichezwa kama vitabu vya zamani vya Kizungu vilivyozoea, mashujaa watakuwa wale wa kwenye meli, na wenyeji watakuwa mandhari. Hata kazi nzuri zimeteleza hapa. Masks of Nyarlathotep, kisa kirefu cha Call of Cthulhu kilichotoka mwaka 1984 na kinachohesabiwa miongoni mwa vilivyo bora katika michezo hii, kina sura nzima ya Kenya ya mwaka 1925: Mombasa, reli, Nairobi, na hata Johnstone Kenyatta anatokea kuwasaidia wachunguzi. Ni jambo la kufurahisha kumkuta humo. Ila kitisho chenyewe ni kundi la Waafrika wanaoabudu na kumwaga damu mlimani, na mtu wa Nairobi au Bukoba akikaa mezani atajiuliza, kwa haki, kwa nini usiku wa kwao ndio ulioteuliwa kuwa usiku wa watu wote. Kosa hilo ni la kiadili na pia ni la kiufundi. Kitisho kinachotegemea ugeni wa mahali hakimtishi aliyezaliwa hapo.

Kwa hiyo wahusika wawe wa hapo. Mvuvi wa kisiwa cha Bumbire anayejua ziwa usiku. Karani wa duka la Mhindi anayesoma Kijerumani. Askari aliyetoroka jeshini akiwa bado na bunduki yake. Binti wa mhunzi wa Maruku, nchi ambayo uchimbaji wa Peter Schmidt pale Katuruka ulionyesha kwamba chuma kiliyeyushwa kabla ya zama za Kristo kuanza. Kila mmoja ana kazi anayoiweza kweli, na msimulizi asimfanye aibu katika kazi hiyo: mvuvi hazami kwa sababu ya dadu mbaya kwenye maji anayoyajua. Hapo uwezo umejaa. Waingereza wakifika, wahusika waingie mtamboni kabla yao, watoke na walichofuata, washuke genge kwa kamba huku mizinga ikilia, na wafanikiwe. Usiwabanie.

Kisha hofu iingie kwa mlango wa uhakika. Tuseme mtambo umelipuka, nguzo imelala majanini, nyaya zimekatika, lakini karani aliyekuwa akisikiliza ujumbe bado ameshika penseli na anaandika. Anaandika kwa mwandiko safi wa ofisi: jina la mtu, kijiji, idadi ya debe za buni. Majina ni ya watu walio hai, mengine ya Kamachumu, mengine ya visiwani, mengine wahusika wanayajua. Hakuna anayejua ni deni au ni malipo. Wachezaji wanaweza kumpokonya karatasi, wanaweza kumpiga risasi, na risasi itafanya kazi yake ipasavyo. Asubuhi inakutwa karatasi nyingine, mwandiko uleule, mkono wa mtu mwingine. Bunduki haikushindwa hata kidogo. Iliua ilichoelekezwa.

Kagera ina desturi ya zamani inayoweza kukifanya kisa kama hiki kitishe zaidi. Wahaya walikuwa na omukago, udugu wa kuchanjiana, ambapo wawili walikula buni iliyopakwa damu ya kila mmoja, na tunda moja la kahawa lina punje mbili zilizolala pamoja. Ndugu wa namna hiyo hakataliwi, si msaada wala siri. Mpe mhusika mmoja ndugu wa omukago kabla mchezo haujaanza, na umfanye mtu wa kupendeza: anacheka sana, ana mtumbwi, ndiye anayewaokoa wote siku ya kwanza. Mikikimikiki yote inayofuata mchezaji ataifanya kwa moyo kwa sababu ya ndugu huyo. Halafu jina lake litokee kwenye karatasi, na siku mbili baadaye aonekane ng'ambo ya pili akipunga mkono, wakati kila mtu anajua alikuwa amelala ndani. Mchezaji hana haja ya kuambiwa aogope. Kiapo alichokitumia kama nguvu sasa kinamdai, na hajui anayedai ni nani.

Sura ya nchi nayo inasaidia kupanga mwendo, tena hapa ndipo Buhaya inapozidi sehemu nyingi. Kijiji cha Kihaya ni vibanja vilivyoshikana, migomba iliyosongamana juu ya mibuni, na ndani yake nyumba na makaburi ya waliotangulia, kwa maana wafu huzikwa kibanjani. Katikati ya kijiji na kijiji kuna rweya, uwanda wa majani mafupi ambako jicho linafika mbali. Msimulizi anayechora ramani ya kisa chake kwa mtindo huo amekwisha kupata mizani yake. Rweyani na ziwani ni mahali pa kukimbizana: adui anaonekana akiwa mbali, kuna nafasi ya kulenga, kuna pa kukimbilia, na mchezaji anajua kinachomfuata. Akiingia kibanjani, umbali wa kuona unakuwa hatua sita au saba. Majani makavu ya mgomba yanakwaruzana hata pasipo upepo wa maana, tone la maji linadondoka saa nzima baada ya mvua kukatika, na mtu aliyesimama nyuma ya shina hatofautiani na shina mpaka asogee. Bunduki bado iko begani, ila sasa hujui umwelekezee nani, na pengine anayetembea huko ni mama mwenye nyumba anatafuta kuni. Zaidi ya hapo, kibanja ni nyumbani. Mhusika anakimbia hatari ya uwandani kwenda kwenye usalama wa kwao, na huko ndiko karatasi iliko. Panga kila mkutano wa mchezo uvuke mpaka huo angalau mara mbili.

Asiyetaka historia anaweza kufanya hivyohivyo kwa Muleba ya leo. Msimu wa senene watu huwasha taa kali usiku, husimamisha mabati marefu, na chini yake hupanga mapipa. Wadudu hufuata mwanga, hugonga bati na kuteleza ndani. Kelele yake ni kama mvua ya mawe isiyokoma. Lori linalokimbizwa usiku kwenye barabara ya vumbi likikatiza katikati ya mitego hiyo, jenereta zinaunguruma, mabati yanaanguka, senene usoni kwa dereva, hiyo ni filamu nzima. Na iwapo wakati fulani senene wote wataacha taa na kutua juu ya nyumba moja isiyo na taa, msimulizi hana haja ya kuongeza neno.

Kuhusu kuongeza maneno, kuna somo katika hadithi za Kihaya zenyewe. Peter Seitel, aliyezirekodi na kuzichapisha mwaka 1980, anaonyesha kwamba wasikilizaji huanza kwa kumtaka msimulizi aone ili nao waone. Hawamwombi awaeleze, wanamwomba aone. Msimulizi wa mezani akikifanya kitisho kiwe na jina, aina na pointi za uhai, ameshawapa wachezaji uhakika wote bure. Aseme kinachoonekana: penseli, mwandiko, mkono unaopunga. Hata uvumi wa mitaani unalijua hili. Mwanaanthropolojia Brad Weiss ameandika juu ya uvumi wa Kagera kuhusu wanyonya damu wanaotumia umeme, na Luise White ameandika juu ya wazimamoto waliosemekana kuiba damu za watu katika Afrika Mashariki ya kikoloni. Katika uvumi wa namna hii mnyonya damu mwenyewe hana sura maalumu. Kinachotajwa ni waya, gari, fedha, vitu ambavyo kila mtu anavijua na vingine anavitamani. Hofu ya Kagera haikuhitaji fuvu wala popo.

Wapo watakaosema kwamba mchezaji mwenye nguvu haogopi, na kwamba yote haya ni maneno matamu yatakayoyeyuka mara askari mtoro atakapoanza kufyatua. Ni kweli kwamba hataogopa kufa. Lakini hofu ya kufa ndiyo nyepesi kuliko zote mezani, kwa kuwa mchezaji anajua atachukua karatasi nyingine na kuanza upya. Hofu inayodumu ni ya kukosea: kumpiga asiye na hatia, kumwamini asiyestahili, kukivunja kilichokuwa kikimlinda. Na hofu hiyo huongezeka kadiri mhusika anavyokuwa na nguvu, kwa sababu asiye na uwezo hana kosa kubwa la kufanya. Ndiyo maana kupunguza risasi ni kupoteza hofu.

Pingamizi zito zaidi ni la uaminifu. Msimulizi anayeficha uhakika daima ataonekana mlaghai. Wachezaji watachoka na mafumbo yasiyofumbuliwa, na watasema kweli. Hapa inabidi kutenganisha kuficha na kubakiza. Kila wanaposhinda, wape jibu moja la kweli lisilogeuzwa baadaye. Kidokezo muhimu kisitegemee dadu kamwe; wakitafuta, wapate. Kinachobaki bila jibu ni gharama ya jibu hilo. Wakigundua kwamba majina kwenye karatasi ni ya watu ambao wazee wao walikula kiapo kimoja, hilo liwe kweli mpaka mwisho, na swali jipya, nani alikuwa upande wa pili wa kiapo, lizaliwe kutoka ndani yake. Mwisho wa kisa wawe wanajua mengi sana. Wasijue jambo moja.

Kicheko mezani hakinisumbui. Mtu anaweza kuzicheka filamu za kutisha za Mussa Banzi, Nsyuka na Shumileta, kisha usiku huohuo aombe kusindikizwa chooni. Acha watu wacheke rweyani, wataniane kwa majina, waigize lafudhi. Usijaribu kuwafanya wakae kimya kama kanisani. Mtu aliyekazwa saa tatu mfululizo hana tena pa kushtukia.

Swali la maafa halisi, hata hivyo, linahitaji msimamo. Kuzama kwa MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996, tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, ndege iliyotumbukia ziwani tarehe 6 Novemba 2022, ugonjwa wa Marburg mwaka 2023: hayo si malighafi ya mchezo mkoani Kagera. Huenda aliyekaa mkabala nawe amezika mtu. Anayeuliza kwa nini basi vita vya 1915 vinaruhusiwa ana haki ya kuuliza, na jibu ni umri wa jambo pamoja na namna ya kulitazama: karne imepita, na hata hivyo wapagazi na raia waliokufa wapewe majina na nyumba, wasiwe idadi. Imani nazo zina mipaka yake. Mugasha wa ziwani, Wamara na Bachwezi wengine bado wanaheshimiwa na watu. Wanaweza kuwapo katika kisa kama watu wakubwa walivyo katika kijiji, wenye haki zao na hasira zao, lakini kuwageuza mazimwi ya kupigwa risasi ni kurudia kazi ya wamishonari wabaya. Na kuna mhusika mmoja wa kuachana naye kabisa: bibi kizee mchawi. Kanda ya Ziwa akina mama wazee wameuawa kweli, wengine kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu kwa moshi wa jikoni. Mchezo unaomfanya bibi huyo kuwa jibu la fumbo unafundisha somo lililokwisha kuua. Ukitaka, mfanye mtu pekee anayesema kweli tangu siku ya kwanza.

Vifaa vitatosha vilivyopo. Vitabu vya kanuni kutoka nje ni ghali, na kwa kisa hiki havihitajiki. Chukua dadu tatu za ludo. Mchezaji akirusha mbili akapata nane au zaidi amefaulu. Katika kazi yake mwenyewe arushe zote tatu na achague mbili zilizo bora. Mbele ya kila mchezaji weka punje tano za buni, nazo ndizo uhakika wake. Dadu zikimwangusha katika jambo la kishujaa, anaweza kulipa punje moja na afaulu moja kwa moja, tena kwa kishindo: kamba inashika, risasi inaingia, mtumbwi unaruka wimbi. Ila kwa punje hiyo msimulizi anapata haki ya kutamka jambo moja ambalo mhusika alidhani analijua, na sivyo lilivyo. Kaka yako hakuwamo mtumbwini. Mlango huu haukuwapo jana. Jambo hilo lisigeuze jibu lililokwisha kutolewa, liguse tu kile ambacho hakijathibitishwa. Wachezaji wakiona jinsi biashara hiyo inavyokwenda wataanza wenyewe kukokotoa kila mara kabla ya kuruka, na hapo huna tena kazi ya kupima kiasi cha hofu na kiasi cha mikikimikiki, wanaipima wao.

Punje hairudi kwa kushinda pambano. Inarudi mhusika akikaa na mtu wa kwao akaulizia habari, akapewa buni ya kutafuna, akathibitisha jambo moja dogo: mtoto wa fulani amepona, bibi bado anakumbuka jina la mto. Matukio hayo yasirukwe kwa kisingizio cha muda. Saa zikibana kata pambano la pili, ziara hiyo ibaki. Na mchezaji aliyemaliza punje zote asitolewe mezani wala asitangaziwe kwamba mhusika wake amepata wazimu. Aendelee kucheza kwa uwezo wake wote, apige shabaha, apige kasia, ila kuanzia hapo msimulizi amnong'oneze yeye peke yake, mara moja katika kila mkutano, mhusika wake ameona nini ambacho wenzake hawakukiona, naye aamue kama atawaambia.